Kusikojulikana

Saa moja kasorobo, kabla ya kikao,
nafungua jalada la cherehani.
Wino bado mbichi. Dole gumba la mtuhumiwa
limelala chini ya ukurasa kama kunguni aliyepondwa.

Koplo Semhando ana mwandiko wa seminari,
kila nukta mahali pake. Na kijana amekiri.
Amekiri mlango, amekiri kufuli, amekiri nondo,
amekiri hata mvua iliyokuwa ikinyesha.
Kisha, mstari wa kumi na tisa:
"Baada ya hapo nilitokomea kusikojulikana."

Nikaweka kikombe chini.

Mwinjuma Chambuso, kijana wa Mwang'ombe,
msukuma mkokoteni usiyejua kuandika jina lako,
ulikimbia, ukafika mahali,
ukaegemea ukuta ukahema,
na mahali hapo hupajui?
Sisi ndio hatupajui.
Hayo ni maneno yetu, ya taarifa zetu,
ya kusomwa redioni saa mbili usiku.
Anayekimbia anajua alikokwenda:
kwa shangazi Duga,
uvunguni mwa kitanda cha rafiki,
au hakukimbia, kwa sababu hakuiba.

Mwaka wa sita sasa nimo katika kiti hiki.
Wapelelezi kumi na mmoja, gari moja,
dizeli ya kufika Maramba, si ya kurudi.
Chumba cha vielelezo kimejaa baiskeli
zenye vikaratasi shingoni,
kama watoto wa chekechea waliosahauliwa na wazazi.
Simu ya mkoani haiulizi nani kaiba.
Inauliza asilimia.

Namwita Koplo. Sipigi meza.
Nisomee, namwambia, kwa sauti,
kana kwamba mwizi ni wewe.
Anasoma, wima, visigino pamoja.
Mlango. Kufuli. Nondo. Mvua.
Kwenye mstari wa kumi na tisa ulimi unasita.

"Ulikwenda wapi, Koplo?"

Feni inageuza kichwa huku, inageuza kule,
kama shahidi anayekataa.
"Afande," anasema hatimaye,
"Ijumaa ulisema unataka jalada mezani Jumatatu."

Nilisema.
Nilisema nimeshika mlango wa gari,
mguu mmoja ndani, bila kumtazama usoni.
Mkewe alikuwa na siku ya nne tangu ajifungue;
hilo nalo nilikuwa nalijua.
Basi lile dole, ni nani hasa
aliyelikandamiza kwenye wino?

Sajini Singano, aliyebakiza miezi mitatu kustaafu,
anakohoa mlangoni.
"Saini tu, Afande. Mahakama itachuja."
"Mahakama si chekecheo letu, Sajini."
Nalisema hilo kwa ukali, na yeye
ndiye aliyenifundisha kazi. Akaenda zake
na kikombe chake cha kahawa ya tangawizi.

Nachukua kalamu nyekundu. Naandika pembeni:
Maelezo yachukuliwe upya, kwa maneno yake mwenyewe.
Apewe dhamana leo.
Eneo la tukio lirudiwe, kwa miguu kama dizeli hakuna.
Chini, kwa herufi ndogo:
Haraka ilikuwa yangu.
Nikaukata mstari huo.
Nikauandika tena.

Nje, kwenye benchi, yupo Bi Mwanakombo
wa Barabara ya Tisa, Ngamiani,
futi ya ufundi ingali shingoni,
siku ya kumi na mbili bila cherehani.
Kila asubuhi huniuliza neno moja: "Mmeipata?"
Na kila asubuhi nina jibu refu.

Leo hakuuliza.
Alinitazama mabegani, jicho moja kalifumba,
akasema, "Sare imekulegea, mwanangu.
Mkiipata, njoo nikubane hapo."